UZI: Homa ya ndege, mpaka na swali la fidia

Kila homa ya ndege ikitajwa, mjadala wa siasa unaishia "fungeni mpaka!" Nasomea siasa chuoni na nimekulia Eastlands, kwa hivyo wacha niweke historia mezani. Twende.

1/ Jina la Kariokor limetokana na Carrier Corps, wapagazi Waafrika waliobebea jeshi la Waingereza mizigo kwenye vita vya 1914-1918. Vita vikielekea kuisha, mafua makali ya 1918 yaliingia Mombasa na meli, yakapanda bara na reli. Miaka mingi baadaye, wanasayansi walichunguza jeni za virusi hivyo wakakuta zinafanana sana na za mafua ya ndege.

2/ Inakuaje? Bata mwitu hubeba virusi hivi, mara nyingi bila kuugua. Vikifika kwa kuku, kuna aina zinazoua banda zima. Mtu huambukizwa akimshika, akimchinja au akimnyonyoa kuku mgonjwa. Hong Kong, 1997: H5N1 iliambukiza watu 18, ikaua 6. Hofu kubwa ni siku virusi hivyo vitakapoweza kupita kirahisi kutoka mtu hadi mtu.

3/ 2006: H5N1 ikathibitishwa Nigeria, kisha Sudan. Kenya haikuthibitisha hata kuku mmoja, lakini watu walishaogopa na soko likaanguka. Hasara ilibaki kwa wafugaji na wauzaji.

4/ Januari 2017: Uganda ikathibitisha homa ya ndege kando ya Ziwa Victoria. Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka huko. Sawa, tahadhari ni muhimu. Lakini bata mwitu hapigi foleni Busia akagongewa muhuri.

5/ Sasa njoo mtaani. Jirani yetu Kayole anafuga kuku juu ya nyumba, na ndio karo ya watoto. Kumi wakifa usiku mmoja, atampigia daktari wa mifugo ama atauza waliobaki kabla kupambazuke? Akijua watachomwa wote na asilipwe kitu, atanyamaza. Hata mimi ningenyamaza. Na akinyamaza, hao kuku wanaingia sokoni, halafu jikoni kwako.

6/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani akisema atafunga mpaka, muulize mambo matatu: fidia ni pesa ngapi kwa kuku, italipwa baada ya siku ngapi, na hapa Kayole tunampigia nani?