Nani Aliifungua Njia ya Oodnadatta?

Kule Australia wako wazee ambao wakishastaafu kazi hawakai barazani kuhesabu wapita njia. Wanapangisha nyumba au wanaiuza kabisa, wananunua kinyumba cha magurudumu, wanakifunga nyuma ya gari, haooo! Ndani mna kitanda, jiko, friji na tangi la maji. Wengine huzunguka miezi, wengine miaka. Wenzao wamewabandika jina la wahamahamaji wenye mvi. Na kinyumba chenyewe kinaitwa karavani.

Neno hilo lisikupite hivi hivi. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni msafara: watu na wanyama wanaovuka nchi pamoja. Waingereza walilitumia kwa misafara ya ngamia, halafu baadaye wakalihamishia kwenye nyumba ya magurudumu. Kwa hiyo mstaafu anayevuta karavani katikati ya jangwa la Australia anavuta neno lililokwisha kupita hapo zamani, likiwa na miguu minne na nundu mgongoni. Hebu tuifuate njia moja tu kati ya zile wanazozipenda wazee hawa, na tuulize swali moja: nani aliifungua?

Njia hiyo ni ya Oodnadatta, katika jimbo la Australia Kusini. Inaanzia kijiji cha Marree mpaka Marla, kiasi cha kilometa 620, nyingi zikiwa za vumbi na kokoto. Mvua ikinyesha sana inafungwa, na atakayelazimisha kupita anatozwa faini. Joto lake si la utani: tarehe 2 Januari 1960 pale Oodnadatta kipimo kilifika nyuzi 50.7. Na katika njia jirani, ile ya Birdsville ambayo nayo inaanzia Marree, familia ya watu watano iliangamia Desemba 1963 baada ya gari lao kuishiwa petroli. Wote watano walikufa kwa kiu. Kwa hiyo anayekwenda huko leo hubeba maji ya akiba, tairi za ziada, na huaga watu.

Sasa, katika nchi kavu kama hiyo, kwa nini njia ipite hapo na si pengine? Jibu ni maji. Chini ya ardhi ya mashariki na katikati ya Australia kuna hifadhi ya maji yenye eneo la zaidi ya kilometa za mraba milioni 1.7. Mvua inanyesha mbali sana upande wa Queensland, inazama, inasafiri ndani ya miamba kwa maelfu na maelfu ya miaka, halafu inachomoza pembeni mwa jangwa kwenye vichuguu vyenye chemchemi juu yake. Vichuguu hivyo vimejipanga kama shanga kutoka Marree kuelekea kaskazini magharibi. Anayejua chemchemi iliyo mbele anafika. Asiyejua anabaki mifupa.

Waliojua ni wenyeji. Waarabana na jirani zao walizijua chemchemi hizi kwa majina, kwa hadithi na kwa nyimbo, kizazi hadi kizazi. Biashara ilikuwepo: watu wa upande wa Cooper Creek walitembea mamia ya kilometa kwenda milima ya Flinders kuchimba ngeu, ule udongo mwekundu wa kujipaka katika sherehe, wakarudi nao wameujitwika. Hiyo ilikuwa barabara tayari, ila haikuwa na kibao.

Mwaka 1858 akaja John McDouall Stuart, Mskoti, akiwa na farasi, mzungu mwenzake mmoja na mwenyeji mmoja wa kumwonyesha njia. Mwenyeji huyo kwa kawaida hutajwa bila jina. Mwaka 1859 Stuart alirudi, na mwenzake Mjerumani, Herrgott, akakuta chemchemi. Papo hapo ikapewa jina la Mjerumani huyo. Kijiji kilichoota hapo ndicho Marree ya leo. Safari ya mwisho Stuart alivuka bara zima, akafika bahari ya kaskazini Julai 1862, akarudi karibu kipofu, amebebwa katika machela kati ya farasi wawili. Ushujaa wake hakuna anayeukana. Barabara kuu inayokata bara lile kutoka kusini hadi kaskazini inaitwa kwa jina lake.

Hapa sisi wa Afrika Mashariki tusimame kidogo. Mwaka 1861 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilitoa medali mbili za dhahabu. Moja alipewa Stuart. Nyingine alipewa nani? John Hanning Speke, kwa ajili ya safari zake Afrika na kwa Nyanza, ziwa ambalo watu walikuwa wakivua samaki ndani yake siku zote. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetembea na Speke, alipata medali yake mwaka 1876, nayo ilikuwa ya fedha. Kumbe hadithi ya Oodnadatta na ya Tabora zilikuwa zikiandikwa mezani pamoja!

Baada ya Stuart ikaja simu ya waya. Kati ya 1870 na 1872 wakasimamisha nguzo zaidi ya 30,000 kutoka Port Augusta mpaka Darwin, wakifuata kwa kiasi kikubwa njia yake. Habari ya London iliyokuwa ikisafiri kwa meli wiki kadhaa ikawa inafika kwa saa. Lakini nani wa kupeleka waya, unga, chai na sukari katikati ya jangwa? Farasi na ng'ombe walikuwa wakianguka njiani.

Ndipo tunakutana na msafara wenyewe. Mwaka 1866 tajiri Thomas Elder alileta kutoka Karachi ngamia zaidi ya 100 pamoja na watu 31 wa kuwaongoza. Wengine wakafuata. Inakadiriwa kwamba kati ya 1870 na 1920 waliingia waongoza ngamia wapatao 2,000 au zaidi, na ngamia kati ya 15,000 na 20,000. Waliitwa wote "Waafghani", ingawa wengi walitoka Punjab, Sindh, Kashmir na Baluchistan. Wabulushi sisi wa pwani tunawajua; walikuwa askari wa Sultani wa Unguja, na walisindikiza msafara wa Burton na Speke mwaka 1857.

Ngamia dume mwenye nguvu aliweza kubeba hadi kilo 600: marobota ya sufu, mataruma ya reli, mabati, hata vitabu vya shule. Reli ilipofika Marree mwaka 1884, pakawa mji wa ngamia. Wakapanda mitende, wakajenga msikiti wa udongo. Reli ikaukata mji vipande viwili: wazungu upande mmoja, Waafghani na wenyeji upande wa pili. Wengi walikuja bila wake, wakaoa wanawake wa kienyeji, na wajukuu wao wapo mpaka leo.

Mmoja wao ni Bejah Dervish, Mbulushi. Mwaka 1896 aliongoza ngamia wa msafara wa Calvert katika Jangwa Kubwa la Mchanga huko magharibi. Wazungu wawili walikufa kwa kiu. Kiongozi wao, Lawrence Wells, akampa Bejah dira yake mwenyewe kwa heshima. Akarudi Marree akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 1957. Mwanawe Jack naye alivuka Jangwa la Simpson mwaka 1939 pamoja na mtaalamu Cecil Madigan.

Lakini dira ni kitu kimoja na uraia ni kitu kingine. Mwaka 1901, koloni zilipoungana kuwa nchi moja, Bunge jipya lilitunga sheria ya uhamiaji yenye jaribio la imla. Ofisa alikusomea maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya atakayoichagua yeye. Ukijua Kiingereza, anaweza kukupa Kijerumani. Ukikosea, nje! Ujanja huo waliuiga kutoka Natal, Afrika Kusini, iliyokuwa na sheria yake ya 1897. Mwongoza ngamia aliyetaka kwenda kuwaona wazazi ilimbidi atafute cheti cha kusamehewa imla, chenye picha yake na alama ya kiganja, la sivyo harudi. Sheria ya 1903 ikawafungia uraia wenyeji wa Asia, wa Afrika na wa visiwa vya Pasifiki. Soma tena, msomaji: Afrika imo. Jaribio la imla lilifutwa mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya Bejah kuzikwa.

Na kazi nayo ikaisha. Malori yaliingia miaka ya 1920. Reli, ambayo ngamia walibeba vifaa vyake, ikafika Alice Springs mwaka 1929. Treni yake ikaitwa The Ghan, jina ambalo husemwa ni kifupi cha "Afghan". Mtu ananyimwa kazi na uraia, halafu treni inapewa jina lake! Sheria ya 1925 ya Australia Kusini iliruhusu polisi kuwapiga risasi ngamia wasio na mchungaji. Wenye ngamia wengi hawakuweza kuwaua wanyama waliokula nao jasho. Wakawafungulia kamba, wakawaachia jangwa. Wakazaana kweli kweli. Kati ya 2009 na 2013 serikali iliwaondoa kiasi cha 160,000, wengi kwa bunduki kutoka angani.

Reli ya zamani ilifungwa mwaka 1980. Leo wenye karavani wanapita kando ya tuta lake, wanaoga kwenye chemchemi, wanapiga picha mitende. Pale Marree kumejengwa mfano wa ule msikiti. Mwaka 2012 mahakama ilitambua haki ya Waarabana juu ya ardhi yao, na ziwa lililoitwa Eyre likaongezewa jina lake la kale: Kati Thanda. Imechukua zaidi ya miaka 150 kurudisha jina moja kwenye ramani.

Wenzangu mnaoshika kalamu, nimeandika habari za mbali kwa makusudi. Stuart aliandika shajara, ndiyo maana tunajua kila chemchemi aliyokunywa. Yule aliyemwonyesha njia hakuwa na wa kumwandikia. Basi nendeni mkawaulize wazee wenu: nani alibeba mataruma ya reli iliyopita kwenu, nani alipasua mawe ya ile barabara, mtaa wenu uliitwaje kabla ya kibao? Waulizeni majina, ya mtu mmoja mmoja, na myaandike mwaka huu, maana mwakani huenda mzee huyo asiwepo.