Waya wa Pini Tano

Kufikia mwaka 1980, bendi yenye pesa ilikuwa na tatizo ambalo bendi maskini haikulijua: vinanda vingi vya umeme visivyosikilizana. Roland walikuwa na njia yao ya kuunganisha vyombo, Oberheim yao, na kila kampuni ilijenga kana kwamba mteja hatanunua kwingine. Mwanamuziki mwenye mashine ya ngoma ya huku na sinthesaiza ya kule alitafuta fundi wa kumuundia kisanduku cha kuzipatanisha, la sivyo aliridhika kuzipiga mojamoja.

Ombi lenyewe lilikuwa jepesi kulitamka: nikibonyeza hapa, kile cha pale nacho kilie. Juni 1981, Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland ya Japani, alimwendea Mmarekani Tom Oberheim kulizungumzia. Oberheim alikuwa na mfumo wake tayari, lakini Kakehashi aliuona mzito. Shauri likamfikia Dave Smith wa Sequential Circuits, kampuni ya California iliyotoa Prophet-5 mwaka 1978, sinthesaiza iliyotumia prosesa kuhifadhi sauti alizozitengeneza mpigaji. Kabla ya mwaka 1981 kwisha, Smith na mwenzake Chet Wood walikuwa wamewasilisha pendekezo mbele ya wahandisi wa sauti: biti 19,200 kwa sekunde, kwa plagi kama ile ya gitaa.

Hapo ndipo mvutano ulipoanza. Waliotaka mambo makubwa waliomba mwendo wa kasi zaidi. Waliopiga hesabu za kiwandani walijua kwamba kila dola inayoongezwa kwenye tundu la kuunganishia ni sababu ya kampuni nyingine kulikataa, na kiwango kinachokubaliwa na kampuni mbili tu si kiwango. Kampuni nyingi za Marekani zilikaa pembeni. Waliobaki mezani na Sequential walikuwa Wajapani: Roland, Yamaha, Korg na Kawai.

Kasi waliyokubaliana ni biti 31,250 kwa sekunde. Namba hiyo haikutoka kwenye masikio ya wanamuziki. Ukichukua mapigo milioni 1 ya saa ya prosesa ukayagawa kwa 32, unapata 31,250 kamili, bila kuhitaji kipuri cha ziada. Plagi nayo ikabadilishwa: wakachagua ile ya duara yenye pini 5 iliyokuwa imezoeleka kwenye redio na rekoda za Ulaya, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Kati ya pini hizo, ni 3 tu zilizopewa kazi.

Kipuri kimoja hawakukifanyia ubahili. Vyombo viwili vinavyopata umeme kutoka soketi tofauti vikiunganishwa kwa waya wa kawaida, spika huanza kuvuma. Kwa hiyo ndani ya kila tundu la kupokea huwekwa kijitaa kinachowaka na kuzimika kufuata ujumbe unaoingia, na mbele yake kihisi kinachousoma mwanga huo. Habari inavuka, umeme unabaki upande wake.

Mkataba huo, uliopewa jina la MIDI, ulijaribiwa hadharani Januari 1983 kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko Anaheim, California. Prophet-600 ya Sequential iliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland, na kampuni mbili zilizokuwa zikigombea wateja walewale zikalia kwa mkono mmoja. Toleo rasmi lilichapishwa Agosti mwaka huohuo, na hakuna aliyetozwa ada kwa kulitumia.

Ubahili ule ulilipa upesi. Yamaha waliweka MIDI kwenye sinthesaiza yao ya DX7 ya mwaka 1983, ambayo ziliuzwa zaidi ya laki moja, ingawa ile ya kwanza ilituma kwenye chaneli namba 1 tu kati ya 16 zilizokuwepo. Casio waliiweka kwenye CZ-101, kinanda kidogo kilichouzwa chini ya dola 500. Mwaka 1985, kompyuta ya Atari ST ikatoka kiwandani na matundu hayo tayari yametobolewa.

Malalamiko nayo hayakuchelewa, na yalikuwa na msingi. Kubonyeza kitufe kimoja hutuma baiti 3: ya kwanza husema noti imeanza na iko chaneli gani, ya pili hutaja noti yenyewe, ya tatu nguvu ya kidole. Safari hiyo huchukua takriban milisekunde 1. Lakini waya hupitisha jambo moja baada ya jingine: noti 10 zikipigwa kwa pamoja, ya mwisho hukamilika karibu milisekunde 10 baada ya ya kwanza kuanza safari. Ukirundika ngoma, besi na vinubi kwenye waya huohuo, foleni inasikika.

Kisha kuna namba 128. Katika kila baiti, biti moja ilitengwa ili kutofautisha amri na kipimo, hivyo nguvu ya kidole ikabakiwa na ngazi kuanzia 0 hadi 127. Noti nazo zikapewa namba zilezile, zikipanda kwa nusu-toni kama vitufe vya piano. Kwa pop ya London hilo halikumsumbua mtu. Kwa muziki wa maqam, mfumo wa mizani za Kiarabu, ambao taarab ya Unguja na Mombasa iliurithi kutoka Misri, ni kasoro. Udi na fidla hufikia sauti zilizo katikati ya vitufe viwili. MIDI inayo amri ya kupindisha sauti, ila amri hiyo huzipinda noti zote za chaneli kwa mara moja: anayetaka kuishusha moja huku nyingine zikitulia hana njia nyepesi.

Dawa mojawapo ilirasimishwa mwaka 2018: kila noti ipewe chaneli yake, ipindwe peke yake. Januari 2020 likatangazwa toleo la pili la MIDI, lenye ngazi 65,536 za nguvu ya kidole na chaneli 256. Vifaa vya toleo hilo huulizana kabla ya kuanza kazi, na kisichojibu husemeshwa kwa lugha ya 1983. Mambo hayo mapya hupita kwenye USB. Tundu la duara limebaki na lugha yake ya zamani, na watengenezaji wa sinthesaiza bado wanalitoboa nyuma ya vyombo vyao, kwa kuwa wateja wana mashine za miaka arobaini wasizokuwa na nia ya kuzitupa.