Land Rover Kuukuu Uani Kanduyi: Historia Kwanza, Spana Baadaye

Wengi mmezoea kusoma hapa mambo ya programu na intaneti, lakini leo tunashika grisi.

Kuna Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, imesimama uani kwetu Kanduyi, si mbali na pale barabara ya Webuye kwenda Malaba inapoachana na ile ya kuingia mjini Bungoma. Haijanguruma kwa miaka. Nimeamua kuifufua, ingawa kwa ufundi wa magari mimi ni mwanagenzi kabisa. Ninachojua ni kuandika programu. Na mtu wa programu akikabidhiwa msimbo wa zamani ulioandikwa na watu walioshaondoka, haanzi kufuta mistari ovyo. Anauliza kwanza: hawa jamaa walikuwa na shida gani hata wakaandika hivi? Swali hilohilo nimeliuliza kuhusu gari hili, na jibu limenionyesha pa kugonga kwa nyundo.

Turudi Uingereza, mwaka 1947. Vita vimekwisha, nchi haina pesa, na chuma kinatolewa kwa mgao. Kampuni inayouza nje ya nchi ndiyo inayopewa zaidi. Kampuni ya Rover ilikuwa ikitengeneza magari ya watu wenye nafasi zao, na sasa ina kiwanda kikubwa Solihull kilichojengwa kwa kazi ya injini za ndege za kivita. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na huko alitumia Jeep ya Willys iliyobaki vitani. Akawaza: Rover tutengeneze kitu kama hiki kwa ajili ya wakulima, tukiuze nje, tupate chuma. Gari likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye siri. Chuma kilikuwa haba, lakini aloi ya alumini iitwayo Birmabright ilipatikana. Kwa hiyo bodi ikawa ya alumini. Mashine kubwa za kukandamiza bati zilikuwa ghali, kwa hiyo bodi ikawa bapa, yenye kona rahisi, vipande vikishikwa kwa bolti na riveti. Chesisi haikuweza kuwa ya alumini, ikabidi iwe ya chuma, lakini walikwepa gharama za mashine hata hapo: walichukua vipande bapa vinne, wakavichomelea kwenye kona mpaka vikawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani.

Na yote haya yalikuwa suluhisho la muda! Rover walitaka kitu cha kuwavusha miaka michache tu mpaka biashara ya magari yao ya kawaida isimame. Waandishi wa programu wenzangu mnacheka, najua. Kiraka cha muda hakifi. Gari la milioni moja lilitoka mwaka 1976, Series III iliendelea mpaka 1985, na mrithi wake wa moja kwa moja, Defender ya zamani, akaagwa Solihull Januari 2016.

Huku kwetu gari hili lilikuta ardhi iliyokuwa ikilisubiri. Kitale ni mji wa mahindi, na ndiyo mlango wa kwenda Turkana. Upande wa Bungoma kuna miteremko ya Mlima Elgon, Kapsokwony na Cheptais, ambako mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni. Wakulima, polisi, watu wa misitu na maofisa wa serikali wote waliendesha Land Rover, na katika sehemu za milimani imebeba abiria kama matatu kwa miongo mingi. Ilibuniwa hivyo tangu mwanzo: iliwezekana kuifungia shafti ya kutoa nguvu za injini nje, ikaendesha mashine za shambani. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland cha Thika kikaanza kuziunganisha hapa Kenya. Gari ambalo namba yake haina herufi ya mwisho kwa kawaida lilisajiliwa kabla ya 1989, kwa hiyo ukiliona barabarani lipigie saluti.

Haya, historia hii inamsaidiaje mtu anayeanza?

Kwanza, isikudanganye bodi. Alumini haili kutu kama chuma, kwa hiyo gari la miaka 45 linaweza kung'aa juu huku chini limeoza. Lala chini na bisibisi. Gonga boriti ya nyuma kabisa, gonga mikono inayotoka chesisi kwenda kushika bodi, gonga pale springi zinaposhikiliwa. Sanduku lile lenye uwazi linaingia maji na tope, tope linakaa, na kutu inakula kutoka ndani ambako huioni. Sauti kavu ya chuma ni habari njema. Sauti ya kadibodi ni gharama. Tazama pia ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria, hasa mahali pa kuweka miguu. Na penye alumini kukutana na chuma maji yakiwepo, alumini ndiyo huliwa, inageuka unga mweupe. Weka raba au rangi nzito katikati unaporudisha.

Lakini angalia upande wa pili wa jambo lilelile. Chesisi ilizaliwa kutokana na vipande bapa vilivyochomelewa. Fundi wa jua kali mwenye bati la unene unaofaa na mashine ya kuweldi anapotengeneza kipande kilichooza, anafanya kazi ileile iliyofanywa Solihull mwaka 1948. Hahitaji kibali cha mtu wala mashine ya mamilioni. Umaskini wa Uingereza baada ya vita ndio uliomfungulia fundi wa Bungoma mlango huo. Sisi tunaopenda programu huria tunalijua jambo hili vizuri: kitu kinaishi pale ambapo mtumiaji anaweza kukifungua.

Pia kuna kile kirungu cha njano. Series haina difu ya katikati. Ukikibonyeza, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja. Kwenye tope ni sawa kabisa, maana tairi linateleza na kupumua. Kwenye lami kavu ya kwenda Webuye, tairi za mbele na za nyuma zinazunguka tofauti kwenye kona na mfumo mzima unajikaza mpaka kitu kivunjike. Kirungu chekundu kinakupa gia nzito ya chini. Kijana aliyezoea magari yanayojiamulia yenyewe ataona ni usumbufu. Mimi naona ni uungwana: gari linakuambia wazi linafanya nini.

Umeme nao una historia yake. Series za mwanzo, mpaka katikati ya IIA miaka ya 1960, zilifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi. Series III ni hasi kama magari ya leo. Fuatilia waya kwa macho kabla hujanunua hata redio, maana gari la umri huu limepita mikono mingi na huenda lina viungo vya miaka tofauti.

Defender mpya, iliyotambulishwa 2019, ina kompyuta nyingi ndogo na hupokea masasisho kwa mtandao. Ni gari zuri sana, sibishi. Lakini likinyamaza huko Cheptais utahitaji vifaa vya kampuni kuliuliza linaumwa wapi. Si ajabu kwamba mwaka 2024 watu walikusanya Land Rover zao kwa wingi Nakuru mwezi Mei, na Arusha mwezi Oktoba.

Jambo la mwisho, na hili ni la pesa. Magari haya yameuziana mikono kwa mikono, mengine kutoka minada, logbook ikabaki nyuma. Series III huwa na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma upande wa mbele kulia, karibu na pale springi inaposhikwa. Safisha hapo kwa brashi ya waya, isome, uilinganishe na logbook na rekodi za NTSA kabla ya kulipa hata shilingi. Na fundi akisema kipande hicho kimeoza kikatwe, mwambie asubiri. Kikatwe mwisho kabisa, baada ya makaratasi kukamilika, na hata kikikatwa usikitupe.