Chai ya Pickford, Mamilioni ya Netflix

Hafla ya kwanza ya Oscar, Mei 16, 1929, ilimalizika kwa takriban dakika 15. Hapakuwa na kampeni kwa sababu hapakuwa na wapiga kura wengi wa kushawishi: jopo la majaji watano ndilo lililokuwa na neno la mwisho. Mwaka uliofuata Mary Pickford, mwigizaji na mmoja wa waasisi wa Akademi inayotoa tuzo hizo, aliwaalika majaji nyumbani kwake, Pickfair, wanywe chai. Akatwaa tuzo kwa filamu ya Coquette. Watanzania chai ya namna hiyo wanaijua vizuri, ni takrima. Watu walinung'unika, na Akademi ikawapa wanachama wake wote kura. Hapo ndipo fedha zilipopata mlango, maana majaji watano wanaenea sebuleni, lakini mamia ya wanachama utawafikia kwa matangazo tu.

Studio ya MGM ilijaribu mapema, katikati ya miaka ya 1930, kwa kuitangaza filamu yake Ah, Wilderness! kwenye magazeti ya tasnia. Haikupata hata uteuzi mmoja.

Aliyeonyesha njia ni mwigizaji Joan Crawford. Mwaka 1945, filamu yake Mildred Pierce ikiwa bado inapigwa picha, afisa uhusiano wake Henry Rogers alianza kupenyeza kwa waandishi wa safu za umbea kwamba mama huyu anaigiza kwa kiwango cha Oscar. Habari ikachapishwa, wengine wakaidaka, mwishowe mji mzima ukaamini. Usiku wa tuzo, Machi 1946, Crawford alisema anaumwa, akabaki nyumbani. Alipotangazwa mshindi, sanamu ilipelekwa kwake, na wapiga picha wakamkuta kitandani, nywele zimetengenezwa, uso umepambwa. Mgonjwa gani huyo! Picha ile iliwafunika washindi waliofika ukumbini.

Kelele nazo zina kikomo. Chill Wills, mwigizaji wa filamu ya The Alamo aliyekuwa akiwania tuzo, alitoa tangazo lililofananisha dua za waigizaji wenzake na dua za mashujaa waliokufa katika ngome halisi ya Alamo. Wengi waliona aibu, na mwaka 1961 tuzo ikaenda kwa Peter Ustinov.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Miramax, kampuni ya filamu ya Harvey Weinstein, ambaye baadaye alitiwa hatiani kwa makosa ya ngono. Kanda za video zilipelekwa hadi majumbani kwa wapiga kura, simu zikapigwa, chakula cha jioni kikaandaliwa, waigizaji wakazungushwa kila mahali. Machi 1999 Steven Spielberg alishinda Mwongozaji Bora kwa Saving Private Ryan, lakini usiku uleule Filamu Bora ikaenda kwa Shakespeare in Love ya Miramax. Sidhani kama kuna kura iliyonunuliwa. Kilichonunuliwa ni muda wa mpiga kura mwenye rundo la kanda mezani. Tangu hapo studio nyingine zilijua kwamba kutotumia fedha ni kujitoa mashindanoni.

Netflix iliripotiwa kutumia zaidi ya dola milioni 25 kuinadi Roma, filamu iliyogharimu takriban milioni 15. Mwaka 2019 ilipata tuzo 3, lakini Filamu Bora ikachukuliwa na Green Book. Anora ilitengenezwa kwa dola milioni 6, ikaripotiwa kutumia milioni 18 kwenye kampeni, na mwaka 2025 ikabeba tuzo 5, Filamu Bora ikiwamo. Mwigizaji Andrea Riseborough aliteuliwa mwaka 2023 kwa filamu iliyoingiza fedha kiduchu sana, ila marafiki zake walikuwa nyota wakubwa waliompigia debe. Huo nao ni mtaji.

Kwa tuzo hizohizo za 2023, Tanzania ilipeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kushinda tuzo kuu ya tamasha la Carthage mwaka 2022. Haikuteuliwa. Wanaochagua filamu za kutuwakilisha huko, watenge na fungu la kuzipigia kampeni.