Bwana Msa na Mtoto wa Meza

Nilikutana na Bwana Msa mwaka 1971, nilipokuwa nikisomea ualimu chuoni. Kitabu kilikuwa Kisima cha Giningi, kimekwisha kupoteza jalada, na mwenzangu aliyekuwa na zamu ya kukisoma baada yangu alikaa ukingoni mwa kitanda changu akinihesabia kurasa.

Aliyemtunga Bwana Msa, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Wengi hudhani kuwa mtunzi wa hadithi za upelelezi sharti awe amepata kuwa polisi. Yeye alianza kazi mwaka 1938 akiwa mkaguzi katika idara ya afya, akakaa huko kiasi cha miaka 10. Kazi hiyo humtia mtu uani kwa watu, akaona jiko lilivyo, kisima kilivyo, na nani hasemi na nani. Napenda kuamini kuwa jicho la Bwana Msa lilinolewa huko. Baadaye akaingia katika uandishi wa habari: mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, akasaidia uhariri wa Al-Falaq na Afrika Kwetu, na kuanzia 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alihariri Mkulima, gazeti la kilimo.

Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya utungaji ya mwaka 1957-58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Humo ndimo tunamwona kwa mara ya kwanza Bwana Msa na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum. Aliyesoma habari za Sherlock Holmes hatakosa kuutambua ukoo. Lakini mtunzi hakunakili tu. Holmes alikuwa na ukungu wa London. Bwana Msa anasimama mbele ya mzimu, ambapo tajiri amekutwa maiti, na watu wako tayari kusema kwamba wazee wa kale wamemchukua wao. Yeye hawabezi wala hawacheki. Anauliza tu: nani alimwona mwisho, na saa ngapi?

Hapo ndipo penye uzito wa vitabu hivi, kwa maoni yangu. Giningi, katika masimulizi ya Wazanzibari, ni mahali wanapokutana wachawi. Kulitia jina hilo juu ya kitabu, kisha kumwongoza msomaji mpaka aone mkono wa binadamu, si mchezo mdogo. Walimu wenzangu wengi waliziita riwaya hizo za kupotezea wakati. Mimi nilikuwa nikiwasifia wanafunzi, nikiwaambia, “Fikirini kama Bwana Msa!”

Sasa nieleze jambo ambalo sijapata kuliandika. Mwaka 1982 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya bara. Siku moja bahasha ya fedha za chakula ikapotea ofisini kwangu. Wazee wa kamati wakashauri aitwe mganga. Nilikuwa na haki ya kukataa, sikukataa. Mganga akaja, akachoma vitu vyake, akamtaja mpishi wetu, mzee mtaratibu aliyekuwa akiniletea uji kila asubuhi. Hakujitetea sana. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza yangu, akaenda zake.

Baada ya wiki sita hivi, mtoto wa meza hiyo akakwama. Nilipomchomoa wote, bahasha ikaanguka. Ilikuwa imepenya nyuma. Fedha zote zilikuwamo.

Nilikwenda kwake kwa miguu jioni ileile. Alinikaribisha kitini, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Nimekusamehe, mwalimu.” Kurudi kazini hakurudi, na wapo jirani zake ambao mpaka alipofariki waliendelea kuamini maneno ya mganga. Bwana Msa angeanza kwa kuchomoa mtoto wa meza. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vyake karibu vyote.

Maana Abdulla hakuwa amenyamaza miaka hiyo. Baada ya kustaafu ndipo kalamu ilipokolea: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Ni wakati huohuo ambapo vijana walikuwa wakimkimbilia Willy Gamba wa Musiba, mwenye bastola na safari za mbali. Bwana Msa hana haraka hiyo. Siri zake aghalabu ni za nyumbani: mirathi, uzazi uliofichwa, nani ni mtoto wa nani. Na Kiswahili chake! Nimefundishia methali kwa vitabu hivyo kuliko kwa kitabu chochote cha sarufi.

Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991. Riwaya yake ya Kosa la Bwana Msa ilitoka mwaka 1984, miaka miwili baada ya habari ile ya bahasha. Niliiona dukani nikiwa nimekwenda mjini kununua chaki. Nilisoma jina tu pale juu ya jalada, nikalipa, nikaondoka bila kufungua hata ukurasa mmoja.