Kiwambo cha sikio

Pale kituo cha daladala cha Kimara Mwisho asubuhi, wapiga debe wakiita "Mbezi! Kibaha!", sauti zote hizo hugonga ngozi laini iliyo mwisho wa tundu la sikio. Upana wake ni karibu sentimita 1, unene takriban milimita 0.1. Wengi huiita ngoma ya sikio. Mimi nashikilia kiwambo.

Neno linatokana na kuwamba. Fundi wa ngoma hulowanisha ngozi, huivuta juu ya mzinga, huipigilia mambo (vigingi) pembeni, kisha huianika juani mpaka ikaze. Ngozi hiyo ndiyo kiwambo. Ngoma ni chombo kizima, na mzinga wake. Sikioni kinachotikisika kwanza ni ngozi, halafu mifupa mitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, takriban milimita 3 tu.

Kwa wembamba huo wa kiwambo, naumia sana nikimwona mzazi akichokonoa sikio la mtoto kwa njiti ya kiberiti. Nta kwa kawaida hutoka yenyewe. Kiwambo kikitoboka, mpeleke mtoto hospitali. Kitundu kidogo mara nyingi huziba baada ya wiki kadhaa, mradi maji yasiingie.