Vifungo vya masoda wa zamani katika udongo wa Masisi na Walikale

Kwetu Masisi na Walikale, mtu akilima maharagi ao akichimba shimo la choo, mara nyingine jembe linagonga kitu kidogo cha shaba. Watoto wanakiosha na kukivaa shingoni, ao wanakiuza kwa wanunuzi wa vyuma. Kumbe ni kifungo cha koti la soda wa zamani. Sisi tunaofundisha historia tumekwisha kuletewa vifungo vya namna hiyo na wanafunzi, na ulizo ni lile lile: «Mwalimu, hiki ni cha nani?» Tunaandika kurasa hizi ili tuonyeshe namna ya kujibu pasipo kubahatisha.

Kwanza, tusikisugue. Watu wengi wanachukua mchanga, majivu ao ndimu ili kingʼae, na alama zote zinaisha. Maji na brashi laini vinatosha. Halafu tukishike upande upande kwenye mwanga wa jua: maandishi yaliyofifia yanaonekana.

Pili, tuanze na mgongo, si uso. Kifungo cha zamani cha koti kina kipete nyuma cha kupitishia uzi. Tena mafundi wa Ulaya walikuwa wanaandika nyuma jina la kiwanda na mji: Bruxelles, Paris, London ao Birmingham. Lakini tuangalie vizuri: mji unatuambia mahali kilipotengenezewa, hautuambii nani alikivaa. Kile cha plastiki chenye matundu manne ni cha juzi juzi tu.

Tatu, ndipo tusome uso. Nyota yenye pembe tano inatuelekeza kwenye Dola Huru la Kongo la mfalme Léopold II, lililoanza 1885. Jeshi lake, Force Publique, liliundwa kwa amri ya 1888. Walivaa nguo za buluu na kofia nyekundu. Kaki ilikuja nyuma. Lakini nyota peke yake haitoshi, kwani Ubelgiji ulipochukua koloni mwaka 1908, uliacha nyota kwenye bendera mpaka 1960. Simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma ni wa Ubelgiji. Taji ya kifalme inaweza kuwa ya Wadachi wa Afrika ya Mashariki. Kichwa cha chui kinatuleta wakati wa Mobutu, ao nyuma ya 2006, katiba mpya iliporudisha chui kwenye nembo ya taifa. Katikati, kuanzia 2003, nembo ilikuwa na kichwa cha simba. Basi si kila simba ni Mbeleji.

Nne, tuulize historia ya mahali penyewe. Masoda walipita kwetu mara nyingi. Mwaka 1897 masoda wa Force Publique waliasi katika msafara wa Dhanis kule kaskazini, na vita vyao vilishuka mpaka upande wa Kivu. Kuanzia 1914 mpaka 1916 Wabeleji na Wadachi walitazamana kati ya ziwa Kivu na volkano. Halafu majeshi ya Tombeur yaliingia Rwanda na kufika Tabora mwezi wa tisa 1916. Kwa hiyo kifungo chenye taji kikipatikana Masisi, hakionyeshi kwamba Wadachi walipiga kambi hapo. Inawezekana soda wetu alirudi nacho mfukoni.

Mwaka 1944 ndio unaotugusa zaidi. Vita vya pili vya dunia vilileta kazi za lazima: kukata mpira porini, barabara, migodi. Siku za lazima zilifika mpaka 120 kwa mwaka. Upande wa Lubutu, Walikale na Masisi, watu wa Kitawala, wakiongozwa na Bushiri, waliasi. Force Publique ilitumwa kuwakandamiza. Wengi walikufa, wengine walifungwa ao walipelekwa mbali na kwao. Kwa Kiswahili, neno kifungo ni lile lile la koti na la gereza, na wazee wetu walizijua maana zote mbili.

Hapa tunaomba wasomaji wasisahau jambo moja. Kifungo kinamkumbuka aliyevaa koti. Katika vita vya 1914–1918 Wabeleji walichukua wabeba mizigo zaidi ya 200,000, na wengi wao hawakuwa na koti lolote. Waliokata mpira wa 1944 hawakuacha shaba udongoni. Tukikusanya vifungo tu, tutaandika historia ya masoda na kuwaacha babu zetu nje. Ndiyo sababu pamoja na kila kifungo tunaandika pia maneno ya mzee wa pale: nani alipita, nani alibebeshwa, nani hakurudi.

Tena kifungo kinatembea. Soda aliyemaliza kazi alirudi na koti lake. Makoti ya kizamani ya Ulaya yaliuzwa sokoni kama chaguwa ya leo. Kwa hiyo tunaandika kijiji, shamba, urefu wa shimo na vitu vilivyokuwa karibu. Kifungo kisicho na mahali ni nusu ya habari.

Mwishoni, tahadhari. Tangu vita vya 1993 vilivyoanzia soko la Ntoto, mpaka mapigano yaliyofika Masisi na Walikale mwaka 2025, udongo wetu umeficha vitu vingine vibaya. Mtoto asiende kutafuta vifungo kwa kuchimba. Akiona risasi, bomu ao chuma asichokijua, asikiguse, akaite wakubwa. Na kitu kinachofanana na nguo za jeshi la leo kisikae nyumbani, kwani kinaweza kumletea mtu mashitaka.

Lakini kifungo cha 1900 si silaha. Kisiuzwe kwa bei ya chuma. Kiletwe shuleni ao kwa mwami, kiandikwe katika kaye, ili watoto wetu waulize tena: «Hiki ni cha nani?», na wapate mtu wa kuwajibu.